Sentimita ya Kwanza

Kila mtoto ana nyama juu kabisa ya koo, nyuma ya pua, mahali ambapo hata umwambie apanue mdomo mpaka masikioni hutapaona. Zikikua kupita kiasi, mtoto anapumua kwa mdomo, anakoroma, masikio yanajaa maji, na ukimwita mara tatu anaitika ya nne. Dawa yake ni kuzikwangua. Lakini kabla ya kuzikwangua lazima ujue zimekua kiasi gani, na kwa kuwa hazionekani, kila mtaalamu wa kliniki yetu ya masikio, pua na koo ana njia yake ya kuzijua, na ameing'ang'ania kama mtu aliyewahi nafasi kwenye benchi la wagonjwa.

Daktari wetu kijana, mwanamke mwembamba asiye na subira, tunamwita Kamera. Ana mrija mwembamba wenye taa nchani. Anaupitisha puani mwa mtoto na kuziona nyama zenyewe kwenye skrini, zimejikalia mlangoni. Mimi muuguzi nina kioo changu kidogo cha chuma. Nakiweka chini ya pua, naufunga mdomo wa mtoto kwa kidole kidogo tu, na kisipoingia ukungu najua hapapiti hewa. Wazazi nao wana masikio yao. Wamelala chumba kimoja na mtoto miaka yote hiyo, lakini njia yao haina nafasi kwenye fomu.

Nafasi kwenye fomu ni moja, na ni ya Profesa.

Profesa ndiye mkuu wetu, na njia yake ni rula. Mtoto anapigwa picha ya eksirei ya ubavu wa kichwa, picha inatundikwa kwenye kisanduku cha taa ukutani, na Profesa anapima mara mbili: kwanza unene wa nyama, kisha upana wa nafasi nzima ambamo nyama hizo zimekaa. Anagawanya cha kwanza kwa cha pili. Ikifika themanini kwa mia, mtoto anaingia kwenye orodha ya upasuaji. Isipofika, anapewa dawa ya kupuliza puani na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu.

"Kamera ni maoni," hupenda kutuambia. "Rula ni namba."

Njia yenyewe, tuseme haki, si mbaya, mradi mtoto asiwe analia wakati wa kupigwa picha na anayepima awe macho. Rula ndiyo ilikuwa na historia. Ilikuwa ya plastiki ya kahawia, na sentimita yake ya kwanza haikuwepo. Mtoto mmoja aliyeletwa kutolewa punje ya mahindi sikioni aliing'ata hiyo rula, akaikata kichwa, na siku hiyo ikabidi tushughulike na mdomo kwanza, sikio baadaye. Tangu hapo rula ikawa inaanzia kwenye moja, na Profesa akawa anapima, anasoma, kisha anapunguza. "Toa moja," anajisemea chini chini, kila picha, kila mtoto, miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa nimeacha hata kusikia, kama mtu anavyoacha kusikia friji yake mwenyewe.

Miezi tisa kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, rula ile ilianguka sakafuni na gurudumu la kitanda cha wagonjwa likapita juu yake. Profesa alinuna wiki nzima. Nikamwonea huruma, nikapitia duka la vifaa vya shule nikamnunulia nyingine, angavu, imekamilika kuanzia sifuri mpaka thelathini. Aliipokea kwa mikono miwili mbele ya watu. Siku hiyo nilitembea koridoni nimevimba kichwa, sikufichi.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Watoto waliofika themanini wakawa wa kuhesabika. Foleni ya upasuaji ikafupika, uongozi ukamwandikia Profesa barua ya pongezi, naye akaibandika ubaoni juu ya ratiba ya usafi. Halafu akagundua jambo kubwa zaidi: nafasi iliyo nyuma ya pua ya watoto wa siku hizi imepungua karibu nusu. Akaandaa mada ya kuwasomea mabingwa wenzake mkutanoni. Chanzo, alisema, ni kuinamia simu.

"Nusu nzima, Profesa?" Kamera aliuliza. "Ndani ya miezi tisa?"

"Sayansi haikuombi ruhusa, daktari."

Kamera akatoka kwenda kumezea hasira zake nje. Wala usidhani alichunguza zaidi. Yeye aliidharau ile rula kiasi kwamba hakuwahi kuitazama, na mimi niliiheshimu kiasi hicho hicho.

Basi asubuhi moja akaja mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake wa miaka sita. Ilikuwa mara yao ya tatu. Mara mbili za kwanza waliambiwa sitini na nane, kisha sabini na moja, wakarudishwa na chupa ya kupuliza. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kwenye meza yake ya kazi: utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye kola, na begi lenye nguo ya mteja aliyokusudia kuimalizia kwenye benchi letu, maana alishatujua. Mtoto alikuwa na uso mrefu, mdomo wazi, weusi chini ya macho. Wenzake darasani walimbandika jina la Trekta, kwa sababu ya mngurumo.

"Mwalimu amemwondoa kwenye darasa la wenzake," mama aliniambia nikimpima uzito mtoto. "Anasema hasikii maagizo. Nikamwambia, mwalimu, si kwamba ni mjinga, masikio yamejaa. Akaniambia nilete barua ya daktari. Barua ndiyo hiyo mnayoninyima, sista."

"Leo tutaona, dada."

"Miezi mitatu iliyopita uliniambia hivyo hivyo."

Alikuwa na haki, na nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Vyumba vya upasuaji vilikuwa vinafungwa mwezi uliofuata kwa matengenezo ya miezi mitano. Orodha ilikuwa inakamilishwa siku hiyo. Mtoto ambaye hakuingia leo alikuwa haingii mpaka mwakani. Nikamwambia, kwa sababu sikuona faida ya kumficha. Hakupiga kelele. Aliutoa utepe shingoni, akaukunja polepole kwenye vidole viwili, akautia mfukoni.

"Huyu hakoromi tu, sista. Huwa ananyamaza. Nikisikia kimya ndiyo naogopa. Naanza kuhesabu. Juzi mchana nilikuwa napiga pasi, amelala pembeni, nikafika ishirini na mbili."

Tulianza kazi. Nikaweka kioo chini ya pua ya Trekta. Kilibaki kikavu, naweza kujitazama. Kamera akampitishia mrija, mtoto akalia kidogo tu, akiwa amekaa mapajani mwa mama yake, na kwenye skrini tukaona ukuta. Hakuna tundu. "Asilimia tisini," Kamera alisema, "na nimebana matumizi." Picha ya eksirei alikuwa amepigwa mapema asubuhi, ametulia, mdomo umefungwa, imetoka vizuri. Kila kitu kilikuwa tayari, ila namba.

Tukaingia kwa Profesa. Mtoto, kwa uchovu wa kutolala vizuri maisha yake yote, alishasinzia begani kwa mama. Mama akatoa simu.

"Profesa, naomba uone kitu kimoja. Nilimrekodi akiwa amelala. Hapa, tazama, kifua kinahangaika lakini hewa haiingii."

"Mama," Profesa alisema kwa upole ule wa kumweleza mtu kwamba duka limefungwa, "simu si kifaa cha tiba. Tena hizo simu ndizo zilizotuletea matatizo haya."

"Kamera imeonyesha tisini," daktari kijana alisema.

"Imekuonyesha wewe tisini. Mwingine angeona sitini. Tuache ushabiki, tupime."

Akawasha kisanduku cha taa, akatundika picha, akaitoa rula mfukoni. Nilikuwa nimesimama pembeni na fomu, kalamu imeshashuka kwenye ile nafasi moja. Mkoromo wa mtoto ulikuwa umekijaza chumba chote, mzito, wenye mikwaruzo. Halafu ukakatika.

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, mgongoni mwa mtoto, bila sauti. Nilimwona. Kifua cha mtoto kilikuwa kinavuta na hakipati. Profesa alikuwa amesogeza uso karibu na picha, jicho moja amelifumba. Vidole vya mama vilifika kumi na nne, akamtikisa mtoto bega, na Trekta akashtuka kwa mkoromo mkubwa kama wa mtu anayeibuka majini.

"Mtulize mtoto, mama," Profesa alisema bila kugeuka. "Niko kwenye hesabu."

Nilijisikia vibaya pale, na nilichofanya ni kunyamaza. Miaka kumi na minane inamfundisha mtu kunyamaza vizuri sana.

"Moja nukta saba," Profesa alijisemea. "Toa moja. Nukta saba." Akahamisha rula. "Mbili kamili. Toa moja. Moja kamili." Akanyooka. "Saba kwa kumi. Sista, andika sabini. Nafasi ndogo sana, mnaona? Mfano mzuri kabisa wa mada yangu. Dawa ya kupuliza iendelee."

Kalamu yangu iliandika saba. Sifuri ilikuwa njiani.

"Profesa, samahani," fundi cherehani alisema. "Hiyo moja unaitoa ya nini?"

Profesa alimgeukia. Sidhani kama kuna mzazi aliyewahi kumuuliza swali lililohusu hesabu.

"Moja ipi?"

"Umesoma moja nukta saba, ukatoa moja. Umesoma mbili, ukatoa moja tena. Nimekusikia. Mimi mtu akitaja vipimo lazima nisikie, ndiyo kazi yangu."

"Ni marekebisho ya kitaalamu, mama. Rula ikiwa imekatika mwanzo, unapunguza kilichokatika."

"Naelewa. Hata utepe wangu umekatika." Akautoa mfukoni kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umemshika mtoto. "Ona, unaanzia kwenye mbili. Nikipimia huu natoa mbili. Lakini nikiazima wa jirani, ambao ni mzima, sitoi kitu. Siku moja nilijisahau nikatoa, mteja wangu akapata suruali inayoishia magotini. Hiyo rula yako, Profesa, ni nzima."



Profesa aliitazama rula. Aliitazama kwa makini, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimkabidhi. Sifuri ilikuwepo pale mwanzoni, nyeusi, nene, inamtazama yeye. Kamera alisogea, akainama, akanyooka, na mdomo wake ukawa wazi kuliko wa mgonjwa.

"Hata kama," Profesa alisema hatimaye. Uso ulikuwa umemshuka lakini sauti alikuwa bado ameibeba juu. "Hata kama. Nimetoa moja juu, nimetoa moja chini. Kimetolewa kitu kilekile pande zote mbili. Zinafutana."

"Hazifutani," mama alisema.

"Mama, hii ni hisabati."

"Kiunoni nikitoa inchi tano na kwenye urefu nikatoa inchi tano, sibaki na suruali ileile iliyo ndogo. Nabaki na suruali ya mtu mwingine." Alimtazama Kamera. "Wewe binti una simu. Kumi na saba kwenye ishirini ni ngapi?"

Kamera alikuwa ameshabonyeza. "Themanini na tano," alisema, polepole, kama anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofeli. "Na kwa miezi tisa tumekuwa tukisema..." Alikuwa mwekundu wa macho, na sijui kama alikuwa anamkasirikia Profesa au nafsi yake. Mimi nilijua ninayemkasirikia. Nilikuwa nimesimama nusu mita kutoka kwenye rula hiyo kila siku ya kazi, nimeandika kila namba kwa mwandiko wangu mzuri, na kila moja nilisikia ikitolewa.

Profesa alisafisha koo.

"Rula hii ina kasoro," alisema. "Nani aliileta?"

"Mimi," nilijibu.

Alinitikisia kichwa kwa huzuni, kama anayenisamehe. Kisha akamgeukia mama. "Una mkasi kwenye hilo begi?"

Mama alikuwa nao, mkubwa, wa kukatia vitambaa. Alisitasita kuutoa, maana mkasi wa fundi haukati chochote isipokuwa nguo, lakini aliutazama uso wa mtoto wake akautoa. Profesa aliishika rula yangu angavu, akaweka ncha za mkasi kwenye mstari wa moja, akabana kwa mikono miwili. Plastiki ikalia, ikapasuka. Sentimita ya kwanza iliruka ikagonga kisanduku cha taa, ikaanguka chini ya meza.

"Sasa iko sawa," alisema.

Akapima upya. Mbili nukta saba, toa moja. Tatu kamili, toa moja. Alifanya hivyo kwa sauti ili kila mtu asikie jinsi njia yake isivyo na dosari.

"Themanini na tano. Sista, andika."

Nikaikata ile saba, nikaandika. Trekta aliingia kwenye orodha ya siku hiyo, wa mwisho kabisa, juu ya sahihi ya Profesa. Mama hakushukuru wala hakulia. Aliukagua mkasi wake makali, akaufunga kwenye kitambaa, akamweka mtoto vizuri begani. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?" Profesa alikuwa anaifuta rula kwa pindo la koti.

"Waliokatiwa hiyo moja kabla yetu."

"Ah. Hao wana miadi yao. Wakirudi watapimwa kama kawaida." Aliiweka rula mfukoni, akaanza kupekua karatasi mezani, na niliona anatafuta ile mada ya mkutano. Alisoma ukurasa wa kwanza, akatoa kalamu, akafuta neno moja la kichwa cha habari, akaandika lingine juu yake. Baadaye nilichungulia. Palipokuwa na "kupungua" alikuwa ameandika "kubadilika".

Kamera alinifuata kwenye meza yangu ya mapokezi. Alivuta kiti, akaniletea daftari la kliniki, akaanza kunisomea kuanzia siku niliyoleta zawadi. Sitini na sita. Sabini na nne. Sabini na nane, huyo alikosa kwa mbili. Hatukuwa na vipimo vya awali, tulikuwa na majibu tu, lakini picha zote zilikuwa stoo. Tulihesabu watoto hamsini na watatu waliorudishwa. Orodha ilikuwa inafungwa saa kumi, na sasa ilikuwa saa sita na robo.

"Nani atamwambia apime hamsini na watatu leo?" Kamera aliuliza.

"Tutapima sisi," nilisema. "Una rula?"

Hakuwa nayo. Nikamtuma mhudumu wa stoo kuleta picha, na rula nzima kutoka duka la vifaa vya shule. Mimi mwenyewe nikarudi chumba cha Profesa, ambaye alikuwa ameenda kula, nikapiga magoti chini ya meza nikaokota kile kipande. Ni kidogo, hakifiki ukucha wa kidole gumba, kina sifuri upande mmoja. Sijui nilitaka kukifanyia nini. Bado ninacho.

Kisha nikavuta simu ya mezani, nikapiga namba ya kwanza kwenye daftari, mtoto wa miaka minne aliyerudishwa karibu miezi tisa iliyopita akiwa na sitini na sita. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumwambia mzazi, maneno mazuri, yasiyo na kosa la mtu yeyote ndani yake. Simu iliita kwa muda mrefu. Ikapokelewa na mtu ambaye hakusema lolote, na sikuhitaji aseme. Alikuwa anahema kwa mdomo, karibu kabisa na simu, kwa shida, kama anayepanda ngazi.

"Niitie mama," nilimwambia.

"Nini?" aliuliza.

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, na ya tatu nikarudia tena.